Muhuri wa kwanza hupigwa kijijini

Sijui gazeti hili limefunguliwa katika nyumba ya Mkatoliki, Mwanglikana, Mlutheri au Mpentekoste. Jambo la leo linatuhusu sote. Nataka tutafakari juu ya kitu kidogo ambacho karibu kila kanisa linacho: muhuri.

Zamani kidogo nilikuwa mwinjilisti wa mtaa mmoja katika kata ya Ntobeye, wilayani Ngara. Anayeifahamu Ngara anajua vilima vyake, migomba na kahawa, na jinsi mpaka wa Burundi ulivyo karibu kuliko makao makuu ya mkoa wetu. Muhuri wa mtaa niliutunza ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na kidau cha wino wa zambarau. Nilikuwa naupiga kwenye barua za wanafunzi, za wanaohama, za wanaotaka kufunga ndoa usharika mwingine. Ulikuwa kazi nyepesi. Sikuwahi kufikiri kwamba ungeweza kumzika mtu.

Yaliyotokea nitakueleza, isipokuwa nimebadilisha mambo machache ili familia ile isitambulike.

Binti mmoja wa kijijini kwetu alifariki na kuacha mtoto wa kiume wa miaka saba. Mtoto alibaki kwa bibi yake. Mdogo wake marehemu alikuwa ameolewa na mwanamume wa Ulaya, na wote wawili walikuwa wakiishi na kufanya kazi Mwanza kwa miaka mingi. Walikubaliana kumchukua mtoto yule awe wao. Kwetu hakuna mtu angeuliza kwa nini. Mdogo wa mama ni mama mdogo, na mama mdogo ni mama. Mtoto wa ndugu hakai nje mvua ikinyesha.

Lakini mkataba wa kazi wa mume ulikuwa unakaribia kwisha, na walitaka kurudi kwao pamoja na mtoto. Huko Ulaya afisa wa uhamiaji hajui maana ya mama mdogo. Anachokijua ni karatasi. Kwa hiyo ilibidi mtoto aasiliwe kisheria, kisha hati zake zithibitishwe ili zikubalike nje ya nchi.

Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka njia ya kuasili, nayo si fupi. Mgeni anayetaka kuasili mtoto wa Tanzania anatakiwa awe amekaa nchini miaka mitatu mfululizo. Anatakiwa kwanza amlee mtoto kwa malezi ya kambo, chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii. Maombi yake yanakwenda Mahakama Kuu, ambayo kwa mkoa wetu iko Bukoba. Na mzazi aliye hai anatakiwa aridhie, isipokuwa mahakama ijiridhishe kwamba kuna sababu ya kuendelea bila ridhaa yake, kwa mfano kama amemtelekeza mtoto.

Hapo ndipo mama mdogo alipokuja kwangu jioni moja. Aliomba barua ya utambulisho ya kanisa, iende kwa afisa ustawi wa jamii pamoja na karatasi nyingine. Alikaa kwenye kiti, akaelekeza macho chini, akasema, "Mwinjilisti, naomba uandike pia kwamba baba wa mtoto alishafariki."

Nikamuuliza, "Alifariki lini?"

Akasema, "Mwinjilisti, huyo mtu alivuka mpaka mtoto akiwa hajaota meno. Hajaleta hata sabuni. Kwa mtoto huyu ni marehemu. Tukisema yuko hai watatuambia tumtafute, na muda hatuna."

Mpendwa msomaji, ningependa kukuambia kwamba nilikataa. Sikukataa. Niliwaza: mtoto ni yatima wa mama, hawa ni watu wema, nia ni njema, na huyo baba kweli hana faida. Nilichukua kalamu nikaandika kwamba baba wa mtoto ni marehemu, na kwamba ninaifahamu familia. Kisha nikafungua kopo, nikapiga muhuri. Mama mdogo alilia kwa furaha. Nilijiona nimefanya kazi ya Mungu.

Alfajiri iliyofuata nilisikia hodi. Alikuwa bibi wa mtoto, amejifunga kitenge kichwani, miguu imelowa umande. Alikataa kuketi. Akasema, "Mwanangu, nimesikia umemzika mtu asiye na kaburi."

Nikanyamaza.

Akaendelea, "Aliyekufa ni binti yangu. Nimemzika mwenyewe, kaburi lake nalipalilia. Baba wa mtoto amekosa, lakini hajafa. Siku mtoto akiwa mtu mzima akakutana naye njiani, ataniuliza mimi. Nawe utakuwa wapi?"

Alipoondoka, nilipanda bodaboda kwenda Ngara mjini. Barua ilikuwa imeshawahi kufika. Nilisimama mbele ya afisa ustawi wa jamii nikasema, "Ile barua si ya kweli. Nimeiandika mimi, na nimekuja kuiondoa." Hakunifokea. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Afadhali umekuja kabla haijakwenda Bukoba."

Wakati ule sikuelewa uzito wa neno lake. Nilikuja kuuelewa baadaye, nilipofuatilia safari ya hati za mtoto yule. Na safari hiyo ndiyo ninayotaka uione, maana ndani yake kuna mahubiri.

Hati ikitakiwa kutumika nje ya nchi, hupita mikononi mwa watu wengi. Cheti cha kuzaliwa huhakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaotunza kumbukumbu za vizazi na vifo. Amri ya kuasili hutolewa na mahakama, na nakala yake huthibitishwa na msajili wa mahakama kwamba ni nakala halisi. Kisha hati hupelekwa Wizara ya Mambo ya Nje, ambayo makao yake makuu yako Dodoma. Wizara nayo huthibitisha sahihi na muhuri wa ofisi iliyotangulia. Mwisho huenda kwenye ubalozi wa nchi inayokusudiwa, nao huthibitisha muhuri wa Wizara. Kama hati iko kwa Kiswahili, hutakiwa kutafsiriwa na mtu anayetambulika. Ntobeye, Ngara, Bukoba, Dodoma, Dar es Salaam: karatasi moja inazunguka nusu ya nchi.

Kuna nchi zilizofupisha safari hii. Mwaka 1961, katika mji wa The Hague huko Uholanzi, ulifikiwa mkataba unaoziwezesha nchi wanachama kukubaliana na cheti kimoja tu kinachoitwa apostili, badala ya mlolongo mzima. Burundi, jirani zetu wa ng'ambo ya kilima, wamo tangu mwaka 2015. Rwanda wamo tangu mwaka 2024. Tanzania, ninapoandika haya, haimo, kwa hiyo sisi bado tunapanda ngazi hatua kwa hatua.

Lakini sikiliza jambo hili, maana ndilo lililonikosesha usingizi. Mihuri yote ile mikubwa haisemi kwamba maneno yaliyoandikwa ni ya kweli. Ubalozi hauthibitishi kwamba baba amekufa. Unathibitisha kwamba muhuri wa Wizara ni wa Wizara. Wizara haithibitishi kwamba mtoto ni yatima. Inathibitisha kwamba sahihi ni ya msajili wa mahakama. Kila mmoja anamshuhudia aliye nyuma yake tu. Ukirudi nyuma, nyuma, nyuma, unafika kwa jaji, ambaye ameamua kwa kusoma taarifa ya afisa ustawi wa jamii na kuwasikiliza watu. Naye afisa amekusanya maneno kutoka kwa mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, jirani, bibi, na mwinjilisti mwenye kopo la maziwa.

Unaona? Anayejua ukweli ni yule wa kwanza. Wengine wote wanaubeba tu. Wa kwanza akisema kweli, ukweli unasafiri umevaa mihuri ya heshima mpaka ng'ambo ya bahari. Wa kwanza akidanganya, mihuri ileile, wino uleule na heshima ileile vinaubeba uongo wake, na hakuna wa mbele anayeweza kuunusa.

Sisi watu wa Ngara tulipaswa kulijua hili kuliko wengine. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Kambi ya Benaco iligeuka mji kabla ya wiki kwisha. Katika umati ule walikuwamo watoto wengi waliopotezana na wazazi wao. Dunia nzima iliona picha zao, na watu wema wa nchi mbalimbali walitaka kuwachukua. Mashirika ya kuhudumia wakimbizi na watoto yalisema: ngojeni, tuwatafute kwanza wazazi. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, The Hague ilitoa mapendekezo maalumu kuhusu watoto wakimbizi, ili wasiasiliwe kabla ya juhudi ya kuwatafuta wazazi na ndugu zao. Baadaye maelfu ya watoto walioitwa yatima walikutanishwa na wazazi au ndugu waliokuwa hai. Fikiria kama mtu mwenye huruma na haraka angekuwa ameshaandika "marehemu" kwenye kila faili!

Huruma ni nzuri. Haraka, mara nyingine, inasamehewa. Lakini huruma na haraka zikikutana mezani penye muhuri, Mungu atusaidie.

Sasa fungua Biblia yako, kitabu cha Kutoka sura ya pili. Musa ni mtoto aliyeasiliwa. Binti Farao alimtoa mtoni, na mtoto alipokua akawa mwanawe. Lakini tazama jinsi Maandiko yanavyoitunza habari yake. Dada yake mtoto amesimama mbali, anaangalia. Mama aliyemzaa anaitwa amnyonyeshe. Ukisonga mbele hadi sura ya sita, mstari wa 20, jina lake limeandikwa wazi: Yokebedi. Na jina la baba limeandikwa: Amramu. Ili binti Farao awe mama, Biblia haikumwua Yokebedi kwenye karatasi. Jumba la kifalme halikuhitaji uongo ili mtoto apate malezi. Na siku Mungu alipomwita Musa kwenye kijiti kilichowaka moto, alijitambulisha kwake kuwa Mungu wa baba yake. Jina la baba lingefutwa, Musa angeuelewaje wito ule?

Mama mdogo wa mtoto wetu hakuyafurahia haya. Kwa miezi kadhaa hakupokea simu yangu. Nilimwelewa. Mkataba wa mumewe uliongezwa kidogo tu, kwa shida, na kila wiki iliyopita ilikuwa gharama. Mimi na mzee mmoja wa kanisa tulituma salamu ng'ambo kupitia makanisa, na kupitia wafanyabiashara wanaopita mpaka wa Kabanga. Jibu lilichukua muda mrefu. Hatimaye mwanamume yule alipatikana, akiwa kibarua, amedhoofika, anaona aibu. Alikuja Ngara kwa nauli aliyochangiwa na wazee wa mtaa wetu.

Mbele ya afisa alisikiliza maelezo yote. Akaambiwa kwamba akiridhia na mahakama ikitoa amri, mtoto atakuwa mtoto wa wale wawili kisheria, kana kwamba wamemzaa. Alikaa kimya. Kisha akasema kwamba hana cha kumpa mtoto isipokuwa kutomzuia. Akaomba jambo moja: mtoto aambiwe jina lake. Mama mdogo, ambaye alikuwa amekuja akiwa amekunja uso, alianza kulia. Alisema, "Shemeji, ataambiwa." Mwanamume yule akatia dole gumba kwenye ridhaa.

Amri ya kuasili ilipatikana Bukoba. Hati zikapanda ngazi yake, mihuri ikapigwa mmoja baada ya mwingine. Mwisho, kabla ya viza, mtoto mwenyewe aliulizwa maswali na afisa wa kigeni, kwa upole, kupitia mkalimani: mama yako yuko wapi? Baba yako? Mama mdogo alinipigia simu jioni ile, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Akaniambia mtoto alijibu bila kusita: "Mama aliyenizaa amelala kwa bibi Ntobeye. Baba aliyenizaa yuko Burundi, nilimwona, alinishika kichwa. Hawa ndio baba na mama wanaonilea." Afisa alitazama faili, akatazama mtoto. Maneno ya mtoto na maneno ya faili yalikuwa yaleyale.

Mama mdogo akanyamaza kidogo kwenye simu, halafu akasema, "Mwinjilisti, ile barua yako ya kwanza ingebaki..." Hakumaliza. Sikumwomba amalize.

Mpendwa, yawezekana wewe hutaasili mtoto wala hutapanda ndege. Lakini una muhuri. Kama ni mwenyekiti wa kitongoji, unao. Kama ni mwalimu unayejaza umri wa mtoto, unao. Kama ni muuguzi unayeandika kadi ya kliniki, katekista anayejaza daftari la ubatizo, mzee wa ukoo anayekaa kikao cha mirathi, unao. Hata ulimi wako ni muhuri, pale jirani anapokuja kuuliza habari za mtu. Amri inayokataza ushuhuda wa uongo haikuwekewa kifungu cha "isipokuwa kwa nia njema".

Naomba nikuachie na mambo machache ya kufanya, maana imani bila matendo imekufa. Kwanza, kama nyumbani kwako kuna mtoto wa ndugu, usikae tu na maneno ya kwamba "sisi ni familia". Hakikisha ana cheti cha kuzaliwa, na kama mzazi amefariki, hakikisha kifo kimesajiliwa na cheti kipo. Pili, angalia majina. Mtoto akiwa na jina moja kwenye kadi ya kliniki, lingine kwenye cheti cha ubatizo na la tatu shuleni, siku moja atasimama mbele ya dirisha la ofisi akiulizwa yeye ni nani. Tatu, ukihitaji hati kwa matumizi ya nje, anza kwa kuuliza ubalozi wa nchi ile unataka nini, kisha zifuate ofisi zenyewe. Usiwape vishoka. Kishoka atakupa muhuri wa haraka, na muhuri wa haraka ndio unaokwama uwanja wa ndege. Nne, barua ya kanisa si amri ya mahakama. Inatambulisha, haiasilishi. Kwa hiyo iandikwe yale tu tunayoyajua, na pale tusipojua, tuache.

Kitabu cha Ezra, sura ya pili, kinataja watu waliorudi kutoka uhamishoni wakitafuta majina yao kwenye kumbukumbu za ukoo wasiyapate, wakazuiwa kuhudumu kama makuhani. Karatasi iliyokosekana iliwaumiza watu tangu zamani hizo. Mungu wetu anaujua uchungu wa mtu asiye na hati. Ndiyo maana, Paulo anapowaandikia Waefeso katika sura ya kwanza, anatumia maneno ya ofisini kabisa: tumefanywa wana, tumetiwa muhuri kwa Roho Mtakatifu, na Roho huyo ni arabuni ya urithi wetu. Sisi sote tuliingia nyumba ya Baba kwa njia ya kuasiliwa. Na Baba hakutuchukua kwa kughushi faili letu. Alijua tulikotoka, alijua makosa yetu yote, akayasema yalivyo, akayalipia msalabani, kisha akatuita wanawe.

Paulo huyohuyo anamwandikia Timotheo, katika waraka wa pili, sura ya pili, mstari wa 19, kwamba msingi wa Mungu una muhuri wenye maandishi mawili. La kwanza linasema Bwana anawajua walio wake. La pili linamtaka kila alitajaye jina la Bwana auache uovu. Upande mmoja unanifariji: najulikana. Upande mwingine unanikumbusha kopo la maziwa, wino wa zambarau, na bibi aliyesimama mlangoni alfajiri, miguu imelowa umande.

Muhuri ule siku hizi unatunzwa na mwinjilisti mwingine. Nilipomkabidhi, nilimsimulia habari hii yote. Kisha nikamwambia: kabla hujaupiga, msome mtu anayetajwa kwenye barua, siyo anayeiomba peke yake.

Tuombe. Baba uliyetufanya wana, tusamehe kwa kila neno tulilolitia muhuri bila kulijua. Walinde watoto wote ambao maisha yao yamo katika faili mezani pa mtu leo. Wape wanaoandika mkono wa kweli, na wanaongoja mpe subira. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Jumapili njema.